Mpigaji Aliyefunguliwa Masikio

Mtu wa kwanza kumshtua Anton Riebling alikuwa Anton Riebling mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Juni ya mwaka 1886, chumbani kwa daktari wa masikio huko Cincinnati. Daktari Weyland alimfungua bendeji, akachomoa pamba kwenye sikio la kushoto, akarudi nyuma hatua mbili na kumuuliza kitu. Anton alimtazama midomo kama alivyozoea, akajibu, "Sina maumivu, Daktari." Hapo hapo akageuka nyuma kwa kishindo, kiti nusura kimwangushe. Kuna mtu alikuwa amesema chumbani humo, mtu mwenye sauti nzito, bapa, isiyopanda wala kushuka, kama anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Nyuma yake palikuwa na kabati la dawa tu.

"Nani huyo?" akauliza, na ile sauti nayo ikauliza vile vile.

Daktari akacheka. "Ni wewe, Bwana Riebling. Humu tuko wawili tu."

Anton akafumba mdomo, na hakuufumbua tena mpaka alipofika barabarani.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Evansville, mtoto wa fundi mapipa, na mpaka umri wa miaka minane alisikia kama mtoto mwingine yeyote. Kisha homa ikaingia nyumbani kwao wakati wa baridi, ikachukua dada zake wawili, ikamwacha yeye hai lakini masikio yanatoka usaha. Alipotimiza miaka kumi, radi aliisikia kama mtu anayegonga sakafu kutoka chini, basi. Shule ikamshinda. Baba yake akampeleka karakanani, akamshikisha nyundo.

Miaka ya kupiga pete za chuma kwenye mapipa ilimpa mikono ambayo fundi cherehani aliipima mara mbili, akidhani amekosea. Jumapili vijana wa karakana walicheza besiboli kwenye kiwanja cha nyuma ya kiwanda cha bia. Siku moja mpigaji wao aliumwa, wakamwita Anton kwa ishara. Alikwenda na gongo alilolichonga mwenyewe, nene kama mguu wa meza. Mpira wa kwanza aliopiga ulipita juu ya paa la ghala la barafu na haukuonekana tena. Mechi ikaishia hapo kwa kukosa mpira.

Klabu ya kulipwa ilipoanzishwa mjini, Kapteni Purdy hakuuliza kama Anton anasikia. Aliuliza tu kama ana miguu ya kutosha kuzunguka vituo vinne baada ya kupiga. Msimu wa kwanza Anton alivusha mpira juu ya uzio mara kumi na moja, na wenzake wote kwa pamoja walivusha mara tano. Magazeti ya Louisville yakaanza kuandika jina lake kwa herufi kubwa. Mrushaji mmoja wa Memphis alijifanya anaharisha siku mbili nzima ili asisimame mbele yake. Vinyozi walimnyoa bure. Katika baa za barabara ya kwanza palikuwa na watu waliopigana ngumi wakibishania mpira wake mrefu kuliko yote ulianguka wapi.

Kazi ya kudaka ndiyo iliyomshinda. Walimweka uwanja wa kushoto, mbali, mahali ambapo angeharibu kidogo. Kwa kuwa hakusikia wenzake wakiita mpira, alikimbilia kila unaopaa huku akipiga kelele "Naupataaa!", na mara mbili alimgonga Fenner, mchezaji wa pembeni yake. Mara ya pili alimvunja mfupa wa mtulinga.

Aliyemtoa katika matatizo yote hayo alikuwa Con Tansey, Mwairishi mfupi mwenye nywele nyekundu. Anton akipiga, Con alisimama karibu na kituo cha tatu na kumwonyesha hesabu ya mwamuzi kwa vidole: mkono wa kulia kwa mipira mizuri, wa kushoto kwa mibaya. Safarini walilala chumba kimoja. Bila Con, Anton angeachwa na treni kila wiki. Walipokula, Con alikaa mbele yake na kusema polepole ili midomo isomeke, akimsimulia nani kasema nini na kwa nini watu wanacheka.

Na kulikuwa na wimbo. Kila Anton alipokwenda kupiga, aliona midomo ya watu majukwaani ikifumbuka kwa pamoja, mabega yakiyumba kwa mpigo mmoja. Halafu wote walifanya midomo mviringo, wakaishikilia hivyo muda mrefu. Katika msimu wa kwanza alimuuliza Con wanaimba nini. Con alitazama viatu vyake kwanza. Kisha akainua uso, akasema taratibu, "Wanasema wewe ndiye mfalme."

Tangu siku hiyo, wimbo ulipoanza, Anton alivua kofia, akainama mbele ya majukwaa. Watu walizidi kuruka na kupigana mabega. Misimu sita alifanya hivyo, hakukosa hata mechi moja.

Majira ya kuchipua ya mwaka huo masikio yakaanza kutoa usaha tena, na homa juu. Kapteni aliogopa kumpoteza, akamsukumia Cincinnati. Daktari Weyland alisema sikio la kulia limekufa na halina dawa, lakini la kushoto limezibwa na nyama iliyoota na takataka za miaka, na atajaribu. Alijaribu kwa vijichuma vyembamba, siku tatu. Anton hakuahidiwa kitu.

Kwa hiyo kwenye treni ya kurudi Evansville alikaa ameshika kingo za benchi kwa mikono yote miwili. Hakujua kwamba magurudumu hupiga kelele kiasi kile. Mama mmoja alikunja gazeti, Anton akaruka kwa kushtuka. Lakini katikati ya fujo hiyo alikuwa na wazo moja lililomfanya atabasamu peke yake kama mlevi: Alhamisi kuna mechi nyumbani. Alhamisi atausikia ule wimbo.

Mkewe, Ottilie, alikuwa jikoni, amempa mlango mgongo. Binti yao Minna, mwenye miaka mitatu, alikuwa chini ya meza akimsomesha mwanasesere. Anton alisimama mlangoni akasikiliza kwa muda. Sauti ya mwanawe ilikuwa nyembamba na ya kukwaruza kidogo, tofauti kabisa na ile aliyomwazia.

"Ottilie," akasema. "Mwambie asimfinye masikio huyo mwanasesere. Analalamika."

Ottilie aligeuka. Upawa ulimponyoka, supu ikamwagikia viatu.

"Umesema nini?"

"Na wewe umesema 'umesema nini.' Umesema ukiwa umeziba mdomo kwa mkono."

Ottilie alipiga yowe, akamrukia shingoni, akalia na kucheka kwa pamoja, akamwita Minna amwambie baba jambo lolote, lolote lile. Minna akasema anataka kiazi. Anton akarudia neno "kiazi" kama mara kumi, mpaka mtoto akamtazama kwa wasiwasi.

Ndipo Anton akasema, "Sijamwambia mtu yeyote klabuni, hata Con. Alhamisi nitacheza, niusikie wimbo wao kwanza, kisha ndipo niwaambie. Utaziona sura zao!"

Mikono ya Ottilie ikalegea shingoni mwake.

"Usiende Alhamisi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kidonda bado kibichi. Pumzika wiki moja. Pumzika mwezi."

"Daktari kaniruhusu."

"Daktari hajui kila kitu! Anton, nakuomba mume wangu. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Usiende."

Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Anton alidhani ni woga wa wanawake juu ya kidonda, akambusu kwenye paji la uso, akaenda kumtafutia Minna kiazi. Ottilie hakuwahi kuja uwanjani tangu msimu wa kwanza. Siku zote alisema jua la pale linamuumiza kichwa.

Alhamisi ilifika na joto la kutoa jasho kwenye kivuli. Anton alivuta kofia mpaka chini, ifunike pamba ya sikioni. Con alimpokea kwa kumpiga mgongoni, akamwuliza kwa midomo na mikono hali yake. Anton akatikisa kichwa tu, hivi hivi. Alikuwa ameshajifunza kuionea aibu sauti yake, naye hakutaka kuharibu mambo mapema.

Zamu yake ya kupiga ilifika. Akainua gongo, akatembea kuelekea sahani ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, moyo ukimdunda kama wa bwana harusi. Majukwaa yakaanza.

Mwanzoni hakupata maneno. Ilikuwa sauti tupu, kubwa, nyingi, ya watu elfu mbili, na nywele za mikono zilimsimama kwa furaha. Alikuwa hajawahi kuwazia kwamba watu wanaweza kutoa sauti tamu namna ile kwa ajili ya mtu mmoja. Kisha maneno yakaanza kujitenga, moja moja:

"Riebling ng'ombe, mfungeni kengele!
Hasikii mluzi, hasikii kelele!"

Na mwisho, midomo yote ikawa mviringo, na kutoka humo ukatoka mlio mrefu wa ng'ombe anayetaka kukamuliwa.

Anton hakuyaamini masikio yake. Alidhani sikio bado linachanganya maneno, halijazoea. Akageuka kutazama. Safu ya mbele alikaa Bwana Kessler, mwenye bucha, aliyewauzia nyama kila Jumamosi na kumpa Minna kipande cha soseji. Kessler alikuwa ameweka mikono miwili mdomoni kama tarumbeta, shingo imemvimba, analia kama ng'ombe. Pembeni yake mkewe alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Nyuma yao kijana mmoja alisimama juu ya benchi na kuita "Naupataaa!" kwa sauti nzito, bapa, na Anton aliitambua sauti hiyo. Aliijua tangu Jumanne.

Mkono wake ulipanda wenyewe. Ulikuwa umezoea. Ukavua kofia, na mgongo wake ukainama.

Kicheko kilichofuata kilimpiga kama ndoo ya maji ya barafu. Watu walianguka juu ya watu. "Ameinama! Tazama ameinama tena!" Hicho ndicho alichokuwa akikipokea kwa misimu sita, akikirudishia heshima.

Alipiga hewa mara tatu. Nyuma yake mdakaji wa Nashville, timu waliyocheza nayo siku hiyo, aliyekuwa akichuchumaa hatua moja tu kutoka kwake, alimsemesha muda wote kwa sauti ya upole, bila hata chuki, kama mtu anayejisemea: "Haya, ng'ombe mkubwa, haya mjinga wangu, piga basi, mkeo analala na nani ukiwa safarini?" Kumbe wadakaji wote wa ligi walikuwa wakimwambia maneno hayo miaka yote, na yeye akiwaona watu wakimya wenye adabu.

Akarudi benchi akiwa haoni vizuri. Con alimpisha, akampa maji. Anton akanywa. Mwisho wa benchi, Fenner alikuwa akifunga viatu. Bila kuinua kichwa, akasema, "Tansey, ule wimbo wako umechakaa sasa. Watungie mwingine."

"Nyamaza, Fenner," Con akasema.

"Kwani anasikia?"

Con alimgeukia Anton, akatabasamu, akamwonyesha dole gumba.

Anton alikirudisha kikombe taratibu sana, kama kinaweza kupasuka. Baadaye hakukumbuka alifanya nini uwanjani mpaka mechi ilipoisha, isipokuwa jambo moja: mpira ulipaa kati yake na Fenner, Fenner akaita "Wangu!", naye Anton akasimama, akamwachia. Fenner alidaka akiwa amekunja mabega, akingoja kugongwa. Alipoona hakugongwa, alishangaa.

Nyumbani Ottilie alikuwa amekaa mezani, hakuwasha jiko. Alipomwona uso alijua.

"Ulikuwa unajua," Anton akasema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza niliyokuja uwanjani. Nilimpiga mwanamke mmoja kwa mwavuli, wakanitoa nje. Wewe ulikuwa unainama, hukuona."

"Na kichwa? Na jua?"

"Hakuna jua, Anton."

Akamwambia mengine. Sababu hasa iliyowafanya wahame kanisa. Na kwa nini alikuwa hasemeshani na dada yake mwenyewe mwaka wa tatu huu: watoto wa dada waliuimba ule wimbo mezani, mama yao akacheka. Kwenye bucha ya Kessler alikwenda kwa sababu ndiyo pekee iliyo karibu, na kila Jumamosi aliinunua ile nyama akiwa ameuma meno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unarudi nyumbani kila jioni unang'aa. Ulikuwa unasema, 'Ottilie, leo wameimba mara nne.' Ningeshika kibao nikuandikie nini? Niambie. Ningeandika nini?"

Anton alikaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, mtu mzima wa kilo mia, na Minna akaja akamkalia mguuni.

Asubuhi alimfuata Con kwenye nyumba ya wapangaji alikokaa. Alimkuta ananyoa ndevu dirishani, shati halina kola. Anton hakusubiri amgeukie.

"Con. Umetunga wewe?"

Wembe ulisimama shavuni. Con alitazama kwenye kioo, akaona Anton yuko nyuma yake, mbali na midomo yoyote ya kusomwa.

"Geuka nyuma, Con, au usigeuke. Nitasikia vyote."

Con aligeuka. Povu lilikuwa nusu uso, na upande mwingine ulikuwa umetoka damu.

"Yesu na Maria," akasema. "Tangu lini?"

"Jumanne. Umetunga wewe?"

"Anton, sikiliza ndugu yangu. Ilikuwa wiki ya kwanza kabisa. Nilikuwa sikujui. Tulikuwa tunakunywa, vijana wakasema nitunge kitu, nikatunga. Nani alijua wimbo utafika majukwaani? Wiki ya pili mji mzima unaimba. Ningewazuiaje?"

"Ukaniambia mfalme."

"Ulikuwa umesimama pale na uso ule! Ungekuwa wewe ungesema nini? Na siku ile ulivusha uzio mipira mitatu. Mitatu, Anton! Nikasema moyoni, basi, kama uongo unampa mitatu, acha aishi nao. Nikakaa nawe. Misimu sita nimekaa nawe, nimekuwa masikio yako. Unadhani nilifanya bure?"

Anton alimtazama. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba sauti ya Con ilikuwa nzuri. Ilikuwa sauti ya joto, ya mtu unayetaka aendelee kusema.

"Sijui ulifanya kwa nini," akasema, akaondoka.

Wiki mbili zilizofuata alicheza akiwa hajasema kwa mtu mwingine, na Con naye alinyamaza. Kudaka kwake kukawa kuzuri ghafla, kwa maana sasa alisikia wito na hata mlio wa mpira ukiachana na gongo, akaanza kukimbia kabla hajauona. Kupiga kukafa. Zamani alisimama pale kama mtu aliye chini ya maji, yeye na mpira tu. Sasa alisikia kila kiatu, kila kikohozi, yule mdakaji mgongoni, na wimbo. Alijaribu kuziba sikio kwa pamba, lakini haikusaidia kitu, maana sasa aliyajua maneno, akawa anayasoma midomoni mwao. Kapteni Purdy alimwandikia kwenye karatasi: UNA NINI? Gazeti likadokeza kwamba Riebling amezidisha bia.

Siku ya ishirini na sita ya Juni walicheza na Memphis. Zamu yake ya tatu, wimbo ukaanza, na Bwana Kessler akaweka mikono mdomoni. Anton alisimamisha gongo chini. Akatoka kwenye sahani, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa jukwaa, watu wakipiga makofi kwamba leo anakuja kuinama karibu. Akasimama mbele ya mwenye bucha.

"Bwana Kessler," akasema kwa ile sauti yake, "nakusikia."

Kessler alibaki na mikono hewani.

"Nasikia. Daktari kanifungua. Nimekusikia wiki ya tatu hii. Mama Kessler, nakusikia na wewe. Jumamosi uliyoniuliza mtoto hajambo, nilikusikia, na Jumatatu nikakusikia hapa."

Mama Kessler alijiziba uso kwa leso. Mumewe alikuwa mwekundu, kisha akageuka rangi ya kijivu. "Sisi... ilikuwa ni mchezo tu, Anton," akasema.

"Najua. Nimekuja kuwaambia tu."

Waliokaa nyuma yao walikuwa wamesikia, wakawaambia walio juu yao. Anton aliuona ukimya ukipanda jukwaani safu kwa safu, kisha ukavuka upande wa pili, watu wakiinama kuulizana na kuinuka wakiwa vinywa wazi. Mlio wa mwisho wa ng'ombe ulitoka mbali, kwa kijana mmoja ambaye habari haikuwa imemfikia, ukakatika katikati. Mtu alikuwa amempiga kofi.

Anton akarudi kupiga. Hata mdakaji alikuwa amenyamaza, akitazama chini. Mrushaji wa Memphis akarusha mpira wa katikati kabisa, pengine kwa kuchanganyikiwa, na Anton akaupiga. Uliondoka kwa mlio ambao hakuwahi kuusikia maishani, mkavu, kama mti mmoja unaopasuka msituni. Ukavuka uzio, ukavuka mstari wa miti nyuma ya uzio.

Hakuna aliyeshangilia. Hawakujua kama wanaruhusiwa. Watu elfu mbili walikaa wamefunga midomo, wengine wamevua kofia kama msibani, na Anton alizunguka vituo vyote vinne akisikia viatu vyake na pumzi zake. Alipopita kituo cha tatu, Con alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, vidole havina cha kuonyesha.

Baadaye mambo yakawa mabaya kwa namna nyingine. Watu wakaanza kumpigia makofi kwa kila kitu. Akikosa walipiga makofi, akianguka walipiga makofi, na wanawake walimtazama kwa huruma iliyomfanya atamani kujificha. Kessler alileta soseji mlangoni, akiwa amevaa suti ya kanisani. Ottilie alizipokea, akamshukuru, akamfungia mlango puani. Anton alivusha uzio mara mbili tu tena mwaka huo. Septemba Kapteni Purdy alimwita, akashindwa kumtazama, akasema klabu inamshukuru. "Kusema kweli, Riebling," akaongeza, "ningekuwa na uwezo ningekurudishia ule uziwi." Anton alimwuliza kama anatania. Hakuwa anatania.

Akarudi kwenye mapipa. Sifa yake ilikwenda njia zake bila yeye. Kuna waliosema bia ndiyo iliyomwangusha, na kuna walioapa kwamba daktari alimkata mshipa wa nguvu. Kila mwaka wale waliosema walikuwepo uwanjani wakimshangilia kwa moyo wote waliongezeka, na aliyekubali kwamba aliwahi kuimba hakupatikana. Wanaume walimsimamisha barabarani na kumwambia usoni, "Sisi tulikupenda, bwana, mji wote ulikupenda," na Anton alishangaa kila mara, kwa sababu alisikia katika sauti zao kwamba walikuwa wanaamini.

Con aliuzwa klabu ya Texas majira ya baridi yale yale, wakaachana bila kuagana. Mwaka wa nne, mchana mmoja wa Oktoba, alibisha hodi. Alikuwa amekonda, mkono wa kulia umepinda vidole vitatu vilivyovunjwa na mpira. Alisema treni yake ya Louisville itaondoka baada ya saa mbili, na hakujua aende wapi pengine. Anton akamvutia kiti. Wakazungumza juu ya Fenner, ambaye sasa alikuwa na duka la kofia, na juu ya mvua ya Texas. Juu ya lile jambo jingine hawakusema. Minna alimtazama yule mgeni mwenye nywele nyekundu tangu anaingia.

Ottilie alikaa amempa mgeni kisogo karibu nusu saa, akikwangua sufuria lililokuwa safi. Mwishowe akamimina kahawa, akaiweka mbele ya Con kwa nguvu mpaka ikaruka kwenye kisahani. Hakutia sukari, na chombo cha sukari alikirudisha kabatini.

Con akainywa hivyo hivyo, akaomba nyingine.